Beseni la Magurudumu Sita na Daraja la Kabondwe

Siti alikaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake huko Baraka, kipande cha makaa mkononi, akingojea tone la maji. Mwanawe Saleh na jirani yao Bertin walikuwa wamemwaga ndoo baada ya ndoo ndani ya gari la magurudumu sita. Si kwamba walikuwa wanaliosha. Walikuwa wanaliuliza linavuja wapi. Chombo cha majini hakiaminiki kwa maneno. Ukitaka kujua kama maji yataingia, kwanza tazama kama maji yanatoka. Kila tone lilipochungulia chini ya tumbo la gari, Siti aliinama polepole kwa ajili ya kiuno chake, akapiga alama ya makaa, kisha akarudi kuchambua ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye ungo.

“Mama, huku nyuma iko tone?” Saleh aliuliza.

“Huku nyuma iko mvua,” Siti alijibu.

Saleh alikuwa fundi wa moteri za pirogi, mitumbwi ya wavuvi, mtu wa kupima kitu asubuhi na kukigusa jioni. Bertin alikuwa fundi wa pikipiki. Alijifunzia kazi kwenye barabara ya Misisi, ambako pikipiki ikimaliza mwaka bila kufa hupewa jina kama mtoto. Tangu walipoanza kulitengeneza gari lile hawakuwahi kukubaliana ni kitu gani.

“Hii ni pirogi iliyoota magurudumu,” alisema Saleh.

“Hii ni moto, pikipiki inayojua kuogelea,” alisema Bertin. “We unaiwekea lami kama unaenda kuvua.”

“Na we unataka kuifunga mabulo na nati kama unaenda kushindana. Ikizama, utaisukuma na miguu?”

Siti aliwatazama, akawatega ili wapumzishe midomo. “Kitendawili.”

“Tega,” walisema wote wawili, maana hata fundi mwenye hasira hawezi kukataa neno hilo.

“Bwana yangu iko na miguu sita, na bado anatambaa kwa tumbo.”

“Ni hiki kilicholala hapa,” Bertin alisema.

“Umepata kwa sababu umekiona. Kesho nitakutega cha gizani.”

Watoto wa mtaa walikuwa wamekwisha kulipa jina gari hilo. Waliliita Beseni, na kweli lilifanana na beseni kubwa la kufulia ambalo mtu alilichomeka magurudumu manene, matatu huku na matatu huku. Halikuwa na usukani. Lilikuwa na vyuma viwili vya kushika mkononi. Ukivuta cha kushoto, magurudumu ya kushoto yanashika breki, ya kulia yanaendelea, na gari linageuka pale pale kama mwanamke aliyesahau kitu sokoni.

Lilikuja na mradi. Miaka iliyopita mradi mmoja ulifika kujenga daraja juu ya mto Kabondwe, ule unaokata barabara ya kutoka Baraka kupanda Fizi. Wakubwa wa mradi walileta mahema, wakaleta kibao, wakaleta na Beseni la kuwavusha mainjinia wakati daraja likijengwa. Daraja lenyewe lilizinduliwa katika mji mkuu, ndani ya ukumbi wenye mashine za baridi. Utepe ulikatwa, makofi yakapigwa, watu wakala kuku. Huku mtoni haikuonekana nguzo wala msumari. Kilichobaki ni kibao kilichoandikwa DARAJA LA KABONDWE, LIMEKAMILIKA, na watu wa kando ya mto walikiona cha maana kwa kufungia mbuzi. Mradi ulipoondoka, Beseni lilibaki kwenye matete, kuku wakataga ndani yake, hadi mwenye kiwanja alipomwambia Saleh alichukue, yeye anataka kupanda muhogo.

Saleh alilichukua kwa sababu ya mama yake. Samira, mjukuu wa Siti aliyekuwa anafundisha shule huko Fizi, alikuwa amechumbiwa na kijana wa huko huko aitwaye Ibrahim, na siku ya ndoa ilikuwa imekwisha kupangwa. Sasa kwa watu wa Siti, bibi wa bi arusi ni mke mwenza wake. Ni utani, lakini ni utani wenye sheria. Bibi ndiye anayeketi mlangoni, anamwita bwana arusi bwana yake, anamsumbua mpaka atosheke, na ni yeye tu anayeweza kusema, haya, nimekugawia, mtoe. Bibi asipokuwepo, bi arusi hatoki chumbani. Samira alimpigia bibi yake simu akasema waziwazi: “Koko, bila we mi sitoki. Nitazeekea mule ndani.”

Na kati ya Siti na mlango ule kulikuwa na mto. Wakati wa mvua, malori hulala ng'ambo yakingoja maji yashuke, na wenye haraka huvuka juu ya migongo ya wabebaji. Siti alikuwa amekataa migongo. Mwaka wa kukimbia vita, marehemu mumewe alimvusha Kabondwe mgongoni, huku akimwambia ni mzito kama deni, na yeye akicheka katikati ya hofu yote ile. “Ule mugongo ulinivusha, na ulishalala,” alisema. “Mwingine siupandi.”

Basi mafundi walifanya kazi. Moteri ya zamani ya Beseni ilikuwa imekufa kabisa, na panya walikuwa wamejenga ndani yake kwa adabu, vyumba na sebule. Bertin alileta moteri ya pikipiki ya magurudumu matatu, iliyokuwa imebeba mchanga maisha yake yote, akaikalisha juu ya ubao mgumu ili isiitikise mifupa ya gari. Minyororo iliyounganisha magurudumu ilikuwa imegeuka kutu. Akaweka ya pikipiki, akaipaka grisi mpaka mbwa wa jirani akaja kulamba. Saleh naye alifuata alama za makaa. Penye ufa alikata kipande cha bido, dumu la plastiki la manjano, akakiyeyusha kwa kisu cha moto, akakikandamiza. Penye kiungo alisokota pamba, akaichovya kwenye lami, akaisukumia ndani kwa patasi kama anavyoziba pirogi. Nyuma alifunga moteri ndogo ya majini, juu ya bawaba za mlango, ili ipande wakiwa nchi kavu na kushuka wakiwa majini.

Matairi yaliwagombanisha siku nzima. Bertin aliyajaza upepo yakawa magumu kama ya pikipiki. Beseni likaruka kama mbuzi, likamrusha hadi kwenye lundo la sombe, majani ya muhogo, la mama Rosette, mfanyabiashara wa samaki wa nyumba ya pili. Rosette alimtoa kwenye majani akamuuliza kama ameumia, kisha akamuuliza kama ataitwanga mwenyewe. Ndipo Saleh akatoa upepo, kidogo, kidogo, mpaka matairi yakawa laini kama shavu, na Beseni likatembea juu ya mawe bila kuyaamsha.

Mwisho waliweka paa la turubai na kiti chenye godoro kwa ajili ya kiuno cha Siti, wakalipaka rangi ya buluu ya mitumbwi. Walilijaribu ziwani mchana, watu wote wa pwani wakitazama. Beseni likaingia majini bila kusitasita, likaelea, moteri ya nyuma ikaunguruma, likazunguka pirogi za wavuvi na kurudi. Saleh alipitisha mkono kwenye sakafu. Mkono ulitoka mkavu. Jioni hiyo alikula bugali mara mbili.

“Sema basi,” Bertin alimwambia. “Sema ni pirogi.”

“Sisemi. Mto utasema.”

Siku ya ndoa walitoka asubuhi. Siti alikaa kwenye godoro lake katika kitenge kipya, chungu cha mikebuka ya kukaanga, samaki wa ziwani, kati ya miguu yake, na hina katika kikopo mapajani. Bertin alishika vyuma. Saleh alikaa nyuma, mkono juu ya moteri yake ya majini, kama mtu anayemtuliza mtoto kabla ya mtihani.

Kabondwe ilikuwa imejaa. Maji yalipita na rangi ya chai ya maziwa, yakibeba matawi. Wabebaji walikuwa katikati ya mto, maji yakiwafika kifuani, kila mmoja na mtu wake juu. Mkubwa wao, Dieumerci, kijana mwenye mabega kama mlango, alikuwa ukingoni akijikausha.

“Koko Siti,” alisema, “leo nimesugua mugongo na sabuni kwa ajili yako.”

“Upelekee bibi yako huo mugongo.”

“Bibi yangu anasema huu mugongo uko na mawe.”

“Basi anza kuukodisha kwa bamama wa kusaga muhogo,” Siti alisema, na wabebaji walicheka mpaka mmoja akakaribia kumwangusha mwalimu wa watu.

Bertin aliliongoza Beseni hadi mwisho wa barabara, pale karibu na kibao chenye mbuzi. Saleh alifungua bawaba. Gari lilikwenda mbele ili lishuke ukingoni, lakini halikushuka. Lilikwenda tu, limenyooka, kwenye kimo kile kile cha barabara, na sauti ya matairi ikabadilika, ikaacha kuwa ya udongo, ikawa ya sementi. Mto ulibaki chini, na kati yake na magurudumu hapakuonekana kitu. Moteri ya majini ilizunguka hewani kwa kelele nyingi bila kukata kitu.

“Izime,” Bertin alisema. “Unachoma esanse bure.”

Saleh aliizima. Aliegemea nje, akatazama tumbo la gari, pamba yake yote, lami yake yote, hakuna iliyolowa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepika kwa ajili ya wageni, nao wakafika wameshiba.

Siti alinyoosha mkono pembeni, akakuta chuma cha kushikia, cha baridi na kinono. Alikishika. Kulikuwa na harufu ya rangi mpya. Chini ya miguu yake, Dieumerci alikuwa ameingia mtoni na mteja, akanyanyua uso.

“Koko, uko juu ya nini?”

“Juu ya daraja.”

“Ile ya mradi?”

“Iko ingine?”

Dieumerci alifikiri huku akitembea. “Banasema ilikamilika,” alisema. “Tulikuwa tunafikiri banadanganya.”

“Bertin, enda polepole,” Siti alisema. “Iko kona hapa mwisho.” Na kweli ilikuwepo, kwa maana Bertin alivuta chuma cha kushoto na Beseni likageuka kidogo, likashuka taratibu kwenye barabara ya ng'ambo, mavumbi yakatimka.

Dieumerci alimtua mteja wake, akarudi ukingoni kujaribu. Aliinua mguu juu ya maji, pale pale Beseni lilipopita, akaukanyagisha. Mguu ulizama mpaka gotini. Alijaribu na wa pili, ukazama. Mbuzi alijaribishwa, akakataa kujaribishwa.

“Ile gari ni ya mradi,” Siti aliwaeleza kutoka ng'ambo, “na daraja ni ya mradi. Binajuana. Nyinyi si batu ba mradi.”

Jambo hilo lilieleweka, na wabebaji walirudi kazini.

Huko Fizi waliwakuta watu wamechoka kungoja. Ngoma zilikuwa zimepoa, wali ulikuwa umefunikwa, na Samira alikuwa chumbani, anakula karanga. Siti alipitishwa moja kwa moja hadi mlangoni, akaketi, akatandaza kitenge, akakunjua miguu mpaka ikagusa mwimo wa pili. Wanawake walitaka kumpaka hina, wakaona kiganja chake kimeshakuwa cha kijani.

“Nimeshika daraja,” alisema, “rangi haijakauka.” Wakampaka hina katika mkono wa pili.

Ibrahim aliletwa katika kanzu nyeupe, jasho likimtiririka.

“Bwana yangu,” Siti alimwambia, “nasikia unaleta muke wa pili juu yangu.”

“Nilikuja kuomba ruhusa, Koko.”

“Mi si Koko. Mi ni muke mukubwa. Na huyu wa ndani hajui hata kupika mikebuka, anaichoma kama muhogo.”

“Nasikia,” Samira alisema ndani.

“Nataka usikie. Bwana yangu, kitendawili.”

“Tega.”

“Kila siku anameza ziwa nzima. Akirudi nyumbani, tumbo yake kavu.”

Ibrahim alikuwa mtoto wa milima. Alisema wingu, wakacheka. Akasema mlevi, wakacheka zaidi. Akamtazama baba yake, naye baba yake akaangalia paa.

“Nimeshindwa,” Ibrahim alisema.

“Nipe muji.”

“Nakupa Misisi.”

“Misisi iko mashimo tupu. Nitatumbukia, nani atanitoa na hiki kiuno?”

“Nakupa Ubwari.”

“Ubwari iko kwa bajomba zangu. Muntu hapewi kwao.”

“Nakupa Baraka.”

“Nimetoka Baraka leo asubuhi, nimefunga na mulango. Endelea.”

Ibrahim alipangusa uso. Hakubakiwa na kingine. “Basi nakupa Fizi.”

Siti aliitazama Fizi kupitia dirishani, milima yake, mabati yake, ng'ombe mmoja kwenye uwanja wa mpira. “Naichukua,” alisema. “Na batu bake, na we ndani yake. Sasa mi ndiye mukubwa hapa, nasema hivi: mwezi ukiandama, huyu mutoto anashuka Baraka kunisalimia, na we unamufuata nyuma, umebeba mizigo. Na ile kitu inayomeza ziwa ni wavu, bwana yangu. Ukikaa na sisi utajifunza.”

Kisha akakunja miguu yake. Mlango ukafunguka, Samira akatoka, na kabla hajamtazama mumewe alipiga magoti akaweka kichwa mapajani mwa bibi yake. Vigelegele vilianza uani vikapokelewa nyumba ya pili, nyumba ya tatu, mpaka vikawafikia watu ambao hawakualikwa, nao wakaja. Saleh alicheza. Watu wa Baraka waliokuwa wamevuka kwa migongo hawakuwa wamewahi kumwona akicheza, na walikubaliana kwamba anacheza kama anavyofanya kazi, kwa kupima kwanza.

Baada ya ndoa, Beseni halikupata mapumziko. Lilipandisha samaki na kushusha maharage, likavusha wagonjwa na walimu, na kila mwezi ulipoandama lilimshusha Samira, na Ibrahim nyuma, na mizigo. Kila mahali penye maji lilielea kama Saleh alivyolitengeneza. Kabondwe peke yake ndipo lilipopita juu. Lakini lilikuwa dogo. Waliokosa nafasi, na ndio wengi, walivuka chini, juu ya migongo, na Beseni likipita juu yao walisalimiana, hawa wakiinua macho na wale wakiinamisha.

Ndipo wakaazi walipotuma maneno kwamba wanaomba daraja la watu wote. Siku nyingi zikapita, halafu akaja bwana mmoja kutoka kwa waliorithi mambo ya ule mradi, jina lake Dany, mwenye kofia ngumu na viatu visivyojua matope. Walimpandisha kwenye Beseni. Alivuka, akashika chuma cha pembeni, akaangalia kiganja chake cha kijani.

“Rangi nzuri,” alisema.

Rosette alikuwa amekaa nyuma yake na kapu la mikebuka. “Bwana, hii daraja inabeba Beseni tu. Sisi wengine tunapita chini.”

“Kwa hiyo muko na daraja, na muko na njia ya chini,” Dany alisema. “Iko batu hawana hata moja.”

“Tunaomba ya kukanyaga na miguu.”

“Mama, hatuwezi kujenga daraja juu ya daraja. Munataka gorofa?”

Dany aliendelea kukagua. Alikaa ng'ambo hadi mchana, akakipiga picha kibao kwa mbali, akaamuru kipakwe rangi upya, na mbuzi afungwe mahali pengine. Mwaka ujao, alisema, wataangalia habari ya kuweka taa.

Ilikuwa siku ya soko. Alipotaka kurudi Baraka, Beseni lilikuwa limejaa akina mama na makapu ya maharage, na mbele, kwenye godoro lake, alikuwa Siti, anayetoka kumwona Samira. Dany alisema yeye ana haraka, ana kazi ya serikali. Bertin alimwonyesha mstari wa watu wanaongoja.

“Foleni ni foleni, bwana,” alisema. “Hata Koko alipanga.”

Dany akatazama maji, akatazama jua. Dieumerci alikuja akageuka, akainama, akampa mgongo. Kwa hiyo waliondoka pamoja, Beseni juu na Dieumerci chini, mto ukimfika kifuani na viatu vya Dany vikichota maji. Katikati kabisa, pale mkondo unapovuta, simu ya Dany ililia. Akajishikilia shingo ya Dieumerci kwa mkono mmoja, akaipokea kwa mwingine.

“Alo. Ndiyo, shefu. Ndiyo, niko hapa hapa kwa daraja. Iko imara kabisa. Hakuna shida.”

Siti alimsikia, akachungulia pembeni. Magurudumu yalikuwa yanapukutisha vumbi la sementi, jeupe, laini, na lote lilikuwa linatua juu ya kofia na mabega ya yule bwana. Akamgusa Bertin begani.

“Enda polepole, mutoto wangu,” alisema. “Tunamuchafua mugeni.”